Pulsi iliyopita katikati ya meno ya chanuo: kisa cha amplifaya yenye kasi kupita kiasi

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya fizikia ya chuo kikuu kimoja Afrika Mashariki. Majina ya watu, chuo na watengenezaji wa vifaa nimeyaondoa. Takwimu za saketi nimeziacha, kwa sababu bila hizo hakuna cha kujifunza.

Mazingira

Idara ilitaka jaribio jipya kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu: kupima umri wa myuoni. Chembe hizi hushuka kutoka juu angani usiku na mchana. Usawa wa bahari hupita takriban moja kwa kila sentimita mraba kwa dakika. Nyingi hutoboa kila kitu na kwenda zake, lakini chache huishiwa nguvu ndani ya kipande kinene cha plastiki inayotoa mwanga, zikatulia humo, kisha zikavunjika na kurusha elektroni. Wastani wa maisha ya myuoni iliyotulia ni mikrosekunde 2.2.

Kwa hiyo mtu anaona pulsi mbili, yaani mishtuko miwili mifupi ya umeme inayotokana na mwanga wa plastiki. Ya kwanza ni myuoni ikiingia, ya pili ni elektroni ikitoka. Ukipima muda kati ya hizo mbili mara elfu kadhaa, unapata mkunjo unaoshuka, na kasi ya kushuka kwake ndiyo jibu. Tulitaka pia kitu cha ziada: ukubwa wa pulsi ya pili, ili wanafunzi waone nishati ya elektroni inavyosambaa hadi ukomo wake wa karibu MeV 53.

Vifaa vilikuwa hivi. Plastiki imebandikwa kwenye fotomaltiplaya (kifaa kinachogeuza mwanga hafifu kuwa pulsi ya umeme), kebo ya mita 5 yenye ukinzani wa omu 50, amplifaya iliyotengenezwa na wanafunzi wenyewe, kisha bodi yenye kigeuzi cha biti 14 (hugeuza volteji kuwa namba) kinachochukua sampuli milioni 125 kwa sekunde. Maana yake ni sampuli moja kila nanosekunde 8. Masafa yake ya volteji ni 2 V, hivyo hatua moja ya kigeuzi ni mikrovolti 122.

Uamuzi wa kwanza

Pulsi za plastiki ni za kasi. Kwenye osiloskopu yetu, kifaa kinachochora pulsi kwenye skrini, zilionekana kupanda kwa nanosekunde 4 hivi. Mwanafunzi aliyesimamia amplifaya alifanya alichofundishwa: muda wa kupanda na upana wa bendi (ukomo wa kasi ya mawimbi ambayo kifaa hupitisha) hufungwa na kanuni nyepesi, bendi ni sawa na 0.35 ukigawanya kwa muda wa kupanda. Nanosekunde 4 zinadai karibu 90 MHz. Akaongeza nafasi ya kutosha, akachagua amplifaya ambayo kwa ukuzaji wa mara 10 hufika 300 MHz.

Kilichompa uhakika ni karatasi ya maelezo ya kigeuzi. Iliandika kwamba ingizo lake hupitisha mawimbi hadi zaidi ya 600 MHz. Akasema, "Mwalimu, kigeuzi kinaweza 600, sisi tunampa 300 tu. Tuko salama." Nami nikakubali. Nilipaswa kumuuliza swali moja hapo hapo, nalo sikumuuliza.

Sababu ya uamuzi ilikuwa njema: tusiiharibu pulsi. Hofu ya wengi wanaoanza na pulsi za kasi ni kwamba amplifaya itaivuta pulsi na kuifanya nene. Hofu hiyo ina msingi, ila inaangalia upande mmoja wa mnyororo.

Tulichokiona

Tulianza na jenereta ya pulsi kabla ya kuunganisha fotomaltiplaya. Jenereta ilitoa pulsi zinazofanana kabisa, upana wake kwenye nusu ya kimo ukiwa nanosekunde 8, sawa na za plastiki. Programu ilichukua sampuli kubwa kuliko zote katika kila pulsi na kuiandika kama kimo. Kwa pulsi zinazofanana, histogramu (mchoro wa kila kimo kimetokea mara ngapi) inapaswa kuwa kijiti kimoja chembamba.

Tulipata ubao mpana, unaoanzia karibu katikati ya mhimili na kuishia kwa ukuta wima upande wa kulia. Pulsi ile ile, isiyobadilika, ilikuwa inasomwa mara kama 100, mara kama 75, mara kama 55.

Na pale ambapo hapakuwa na pulsi, mstari wa chini ulitetemeka kwa karibu hatua 4 au 5 za kigeuzi.

Wiki mbili njiani

Tulizipoteza, na nazitaja ili msomaji aone zilipokwenda. Kwanza tulilaumu jenereta. Kisha programu. Mwanafunzi mmoja aliandika upya sehemu yote ya kutafuta kilele. Baadaye tukabadilisha kutoka kilele hadi jumla: jumlisha sampuli zote za pulsi, kwa kuwa eneo chini ya pulsi ndilo linalobeba nishati. Wazo hilo ni sahihi na tulilitumia hadi mwisho. Lakini wakati ule jumla nayo iliyumba, karibu asilimia 20 kila upande, tukaona kwamba nalo limeshindwa tukaliacha.

Tungeendelea hivyo kama si fundi wa maabara, mzee aliyewahi kufanya kazi ya redio miaka mingi. Alitazama skrini kwa muda, akauliza pulsi ina upana gani. Nanosekunde 8. Na kigeuzi kinachukua sampuli kila baada ya muda gani? Nanosekunde 8.

Akasema, "Basi, Mwalimu, pulsi yenu inapita katikati ya meno ya chanuo."

Chanzo

Fikiria pulsi yenye upana wa nanosekunde 8 kwenye nusu ya kimo chake, na sampuli zinazoachana kwa nanosekunde 8. Bahati ikiwa nzuri, sampuli moja inaangukia kileleni na unasoma kimo kamili. Bahati ikiwa mbaya, sampuli moja inaangukia nusu ya mpando na inayofuata inaangukia nusu ya mteremko. Zote mbili zinasoma nusu. Kilele kimetokea kati yao, na hakuna aliyekiona. Ndiyo maana ubao wetu ulianzia karibu katikati na kuishia kwenye ukuta, kwani hakuna sampuli inayoweza kuzidi kilele.

Tulithibitisha kwa jaribio ambalo ninalipendekeza kwa kila mtu mwenye kigeuzi mezani. Tulifunga jenereta kwenye saa ile ile inayoendesha kigeuzi, ili kila pulsi ifike ikiwa imekaa mahali pale pale kati ya sampuli mbili. Ubao ukageuka kijiti papo hapo. Kisha tukaichelewesha pulsi nanosekunde moja, kijiti kikahama. Nanosekunde nyingine, kikahama tena. Baada ya hatua 8 kilirudi kilipoanzia, na vile vijiti vinane vikiwekwa kwenye karatasi kwa mpangilio vilichora kilele cha pulsi pamoja na mabega yake. Wanafunzi walikuwa wamesimama nyuma ya kiti wakati wa hatua ya tano, na hapo sikuhitaji kueleza zaidi.

Ile 600 MHz ya karatasi ya maelezo ilikuwa kweli, lakini haikuhusu swali letu. Inaeleza mlango wa kigeuzi una upana gani, yaani mawimbi ya kasi gani yanaweza kuingia na kushikwa bila kudhoofika. Haisemi kwamba sampuli milioni 125 zinatosha kuyaeleza yakishaingia. Kinachoeleweka bila utata ni kile kilicho chini ya nusu ya kasi ya sampuli, 62.5 MHz. Kilicho juu ya hapo hakipotei. Hujikunja na kurudi chini kikiwa kimevaa sura ya wimbi la polepole. Mlango mpana ni wa watu wa redio, ambao huutumia kwa makusudi baada ya kuweka chujio lao. Kwetu ulikuwa mlango ulioachwa wazi.

Kelele, yaani ule mtetemo wa mstari wa chini, iliingia kupitia mlango huo huo. Amplifaya yetu ina kelele ya nanovolti 2.5 kwa kila mzizi wa hezi kwenye ingizo, ambayo ikikuzwa mara 10 ni nanovolti 25. Amplifaya inayodhoofika taratibu hupitisha kelele kama ya bendi yenye upana mara 1.57 ya ile iliyoandikwa, hivyo 300 MHz inakuwa 471 MHz. Zidisha kwa mzizi wake: milivolti 0.54, sawa na hatua zaidi ya 4 za kigeuzi. Yote hiyo ilijikunja ndani ya 62.5 MHz.

Kukimbilia upande wa pili

Kosa lilipojulikana tulifanya kosa la pili, kubwa karibu kama la kwanza. Tuliweka chujio la rezista moja na kapasita moja, linalozuia mawimbi ya kasi kupita 2 MHz. Histogramu ya jenereta ikawa kijiti safi. Tukafurahi siku moja.

Siku ya pili tuliunganisha fotomaltiplaya. Chujio la 2 MHz lina mkia unaofifia kwa nanosekunde 80, na mkia kama huo huchukua karibu nanosekunde 370 kushuka hadi asilimia 1. Myuoni 15 hivi katika kila 100 huvunjika kabla ya muda huo kwisha. Elektroni zao zilikuwa zinapanda juu ya mkia wa pulsi iliyotangulia, na kimo chao kilisomwa kikiwa kimeongezwa kitu kisicho chao.

Tulitegemea kelele ipungue sana, nayo ilipungua mara 12. Lakini kimo cha pulsi kilishuka hadi karibu moja ya nane. Hapa ndipo penye hesabu ambayo vitabu huipitia haraka. Kelele hushuka kwa mzizi wa bendi. Kimo cha pulsi hakishuki kabisa mradi bendi ni pana kuliko pulsi, lakini bendi ikishakuwa nyembamba kuliko pulsi, kimo hushuka pamoja nayo moja kwa moja. Kubana bendi kunaleta faida hadi ifanane na pulsi. Ukiendelea kubana, kila unachookoa kwenye kelele unakilipa, na zaidi, kwenye pulsi. Kwa 2 MHz, uwiano wa kimo na kelele ulibaki karibu pale pale tulipokuwa na 300 MHz, hasa ukihesabu na ukwaru wa hatua za kigeuzi chenyewe, kwa kuwa pulsi ilikuwa imekuwa ndogo.

Hesabu upya

Safari hii tuliketi na kuuliza kwanza: tunataka kujua nini kutoka kwenye pulsi? Mambo mawili. Nishati, ambayo imo kwenye eneo. Na muda, ambao umo kwenye mpando.

Eneo lina tabia ya kupendeza. Chujio la kawaida, liwe pana au jembamba, halibadilishi eneo chini ya pulsi. Hupunguza kimo na kuongeza upana, eneo likabaki lile lile. Kwa hiyo hofu yetu ya kuinenepesha pulsi haikuwa na sababu, kwa upande wa nishati. Kinachotakiwa ni kwamba jumla ya sampuli ilingane na eneo hilo popote pulsi itakapoangukia. Mtikisiko wa jumla hutokana na kiasi gani cha wimbi kimebaki kwenye kasi ya sampuli yenyewe, 125 MHz. Kwa 300 MHz kilibaki karibu chote, ndiyo maana jumla ilituyumbia asilimia 20, nasi tukaitupa njia iliyo sahihi.

Muda ulidai tuwe na angalau sampuli tatu kwenye mpando, ili programu iweze kupitisha mstari kati yake na kukata kwenye kizingiti. Sampuli tatu ni nanosekunde 24. Gawanya 0.35 kwa hiyo, unapata karibu 15 MHz. Upande wa pili, pulsi ilipaswa kurudi chini haraka ili isifunike elektroni za mapema. Pulsi ya 15 MHz inarudi ndani ya nanosekunde 70 hivi, na wanaokosekana wanakuwa 3 tu katika 100.

Kwa kelele peke yake tungebaki karibu na 40 MHz. Nasisitiza hili kwa sababu 15 MHz si jibu la pulsi hii kila mahali. Mtu mwenye kigeuzi cha sampuli milioni 500 angepaswa kuchagua tofauti, na pulsi isingekuwa imebadilika hata kidogo.

Chujio tulilochagua ni la aina ya Bessel, la ngazi tatu, kwa koili na kapasita. Lina mteremko wa polepole kuliko mengine ya ngazi hiyo, lakini halitoi mawimbi ya kurukaruka baada ya pulsi. Kwa anayetafuta pulsi ndogo nyuma ya pulsi kubwa, hilo ndilo la kuangalia kwanza.

Kapasita ya pikofaradi 100

Chujio liliwekwa baada ya amplifaya, mbele ya kigeuzi, ambapo linazuia pia kelele ya amplifaya yenyewe. Jenereta ikatupa jumla safi. Fotomaltiplaya nayo ilifanya vizuri kwa pulsi ndogo, ila pulsi kubwa zilikuwa na kimo kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na eneo lake pia lilipungua.

Hapo tuliazima osiloskopu ya 1 GHz kutoka idara nyingine. Ile yetu ilikuwa ya 100 MHz, ambayo yenyewe hupanda kwa nanosekunde 3.5. Pulsi ya nanosekunde 2 ikipitia humo huonekana kama ya 4, kwa sababu miraba ya muda hujumlishwa. Kumbe tangu mwanzo tulikuwa tunapima osiloskopu. Pulsi halisi ilipanda kwa nanosekunde 2, na kwa pulsi kubwa za 1.5 V kwenye tokeo la amplifaya hiyo ni wastani wa volti 600 kwa mikrosekunde, na zaidi ya hapo katikati ya mpando. Amplifaya ilikuwa na uwezo wa volti 700 kwa mikrosekunde. Ilikuwa inakimbia kwa nguvu zake zote na bado inaachwa nyuma.

Kikomo cha namna hiyo ni tofauti na kubana bendi. Amplifaya iliyozidiwa mbio haitunzi eneo. Pulsi ndogo inapita salama na kubwa inakatwa, na chujio lililo nyuma yake haliwezi kurudisha kilichokatwa.

Dawa ilikuwa kapasita moja ya pikofaradi 100, itulize pulsi kabla ya amplifaya. Ikifanya kazi pamoja na omu 50 inatoa nanosekunde 5, yaani 32 MHz. Mwanafunzi aliilehemu upande wa amplifaya, mahali rahisi kufikia. Kwenye skrini pakatokea pulsi, na nanosekunde 50 baadaye pulsi nyingine ndogo, kama mwangwi. Ulikuwa mwangwi kweli: kapasita iliharibu ulinganifu wa mwisho wa kebo, sehemu ya pulsi ikarudi mita 5 hadi kwenye fotomaltiplaya, ikagonga, ikaja tena. Kebo hula nanosekunde 5 kwa mita, kwenda na kurudi ni 50. Tukaitoa, tukaihamishia kwenye soketi ya fotomaltiplaya, kabla ya kebo, na rezista ya omu 50 ikabaki peke yake upande wa amplifaya. Mwangwi ukatoweka.

Mwisho tulipandisha ukuzaji kutoka mara 10 hadi 20 kufidia kimo kilichopungua. Bendi ya amplifaya ikashuka hadi 150 MHz, jambo ambalo miezi miwili kabla lingetutisha.

Matokeo

Jumla ya pulsi za jenereta ilisambaa chini ya asilimia 1, jenereta ikiwa haijafungwa kwenye saa ya kigeuzi. Uwiano wa kimo na kelele ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa saketi ya kwanza. Mkunjo wa muda ulitoa umri ulio chini kidogo ya mikrosekunde 2.2, kama inavyostahili ndani ya plastiki, kwani baadhi ya myuoni hasi hunaswa na viini vya kaboni kabla ya kuvunjika zenyewe.

Uchambuzi

Kilichotuokoa zaidi ni kufunga jenereta kwenye saa ya kigeuzi. Jaribio hilo lilichukua nusu saa na lilitenganisha kosa la kupima na kosa la kifaa kwa namna ambayo wiki mbili za kusoma programu hazikuweza. Lingefanywa siku ya kwanza, kisa hiki kingekuwa kifupi.

Kilichoshindwa kwanza ni mpangilio wa maswali. Tulianza na pulsi tukaenda mbele: pulsi ina kasi gani, amplifaya iwe na kasi gani. Tulipaswa kuanza na kigeuzi na kurudi nyuma. Kasi ya sampuli ilikuwa imeshaamuliwa na bodi iliyonunuliwa, haikuwa yetu kuibadilisha, na ndiyo iliyopaswa kuamuru bendi. Swali nisilomuuliza mwanafunzi lilikuwa hilo: sampuli ngapi zitaangukia kwenye pulsi hii?

Pili, tulichanganya vikomo viwili vya amplifaya. Upana wa bendi ni kikomo kinachobadilisha umbo kwa pulsi zote kwa uwiano ule ule. Kasi ya kubadilisha volteji hukata pulsi kubwa tu. Amplifaya ya 300 MHz inaweza kabisa kuwa nzito kwa pulsi ya 1.5 V. Ndiyo maana mahali pa kubana pana uzito sawa na kiasi cha kubana: kidogo kabla ya amplifaya ili isizidiwe, kingine baada yake ili kelele isivuke.

Tatu ni osiloskopu. Kila tulipokuwa na shaka tulirudi kwake kama kwa hakimu, na hakuna aliyekagua kama hakimu anaona mbali kiasi hicho. Leo kwenye kisanduku chake tumebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: nanosekunde 3.5.

Kuna jambo moja hatujalimaliza. Myuoni inayopita plastiki kwa urefu wake wote hujaza kigeuzi hadi ukomo, na baada ya kujazwa mstari wa chini huchukua muda kutulia kuliko hesabu ya chujio inavyosema. Kwa sasa programu huanza kuhesabu elektroni kuanzia nanosekunde 200. Mwanafunzi wa mwaka huu ameshaanza kuweka diodi mbili mbele ya chujio zikate pulsi hizo kabla ya kufika, na wiki iliyopita alikuwa bado anapima kapasitansi ya diodi zenyewe isije ikahamisha zile 15 MHz.